Nimeng'oa lenzi nimekuta kioo tu, sensa iko wapi? Na hivi vidoti vyeusi kwenye picha vinatoka wapi?

mchungulia_tundu
Wakuu habari za mihangaiko. Mimi sio mpiga picha wa kazi, najifunza tu, kamera yangu ni DSLR (zile kamera za kubadili lenzi zenye kioo ndani) ya zamani kidogo kaka yangu aliniachia. Juzi nimepiga picha za anga, bluu tupu na mawingu mawili matatu, kuja kuziangalia kwenye kompyuta nakuta vidoti vitano vyeusi-vyeusi vimefifia kama madoa ya maji, na kila picha viko palepale. Nikasema lenzi chafu. Nikafuta mbele na nyuma, vipo. Nikabadili lenzi, vipo. Basi nikaing'oa nichungulie ndani, nikakuta kioo kimekaa kiupande kweli kina vumbi, nikakifuta na kitambaa taratiiibu, nikarudisha lenzi nikapiga tena... vipo! Halafu cha ajabu picha za ndani ya nyumba sivioni kabisa.

Kuna fundi nilimpelekea akaiangalia kwa nje tu akasema sensa, yaani ile sehemu inayonasa picha, imeungua nitafute kamera nyingine, hata bisibisi hakushika.

Sasa naomba kueleweshwa, hiyo sensa yenyewe iko wapi maana mimi nimeona kioo basi, na ukibonyeza kile kitufe mle ndani kinaendelea nini hasa mpaka mwanga unageuka kuwa faili? Nimesoma soma nakutana na maneno makubwa tu. Na hivyo vidoti ndo pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) zimekufa?

kivuli_kirefu
Sensa haijaungua. Usinunue kitu. Na acha kabisa kufuta hicho kioo na kitambaa, vioo vya kwenye DSLR vimepakwa fedha au alumini upande wa JUU, sio nyuma kama kioo cha kujitazamia, ukikikwangua ndo imetoka hiyo. Ngoja waje wenyewe.

bisibisi_ndogo
Mkuu huyo fundi wako kanichekesha. Pikseli iliyokufa au kuharibika inakaa kama nukta moja kali, mara nyingi inawaka nyekundu au bluu au nyeupe, haikai kama doa lililofifia. Kabla sijaendelea rudi kwenye zile picha uangalie namba ya tundu la lenzi, ile inayoanza na f. Nahisi za anga zilikuwa f/16 au f/22 na za ndani ulifungua f/3.5 hivi. Nikipatia nitafute unipe pole ya kuandika uzi mrefu.

Haya tufuate mwanga wenyewe unapopita. Ukiingia kwenye lenzi unapita kwenye vipande kadhaa vya kioo vinavyoukunja uende kukutana sehemu moja, na katikati ya hivyo vipande kuna vibao vyembamba vinavyofunguka na kujifumba kama mboni ya jicho, ndo hilo tundu. Namba yake inachanganya watu kwa sababu ni urefu wa fokasi ugawanye kwa upana wa tundu, yaani lenzi ya 50mm ikiwa f/2 tundu lina upana wa 25mm, ikiwa f/16 inabaki milimita 3 na kidogo. Namba kubwa, tundu dogo. Hii ishike maana ndo jibu la vidoti vyako.

Baada ya lenzi unakutana na hicho kioo ulichokifuta (usirudie). Kimekaa nyuzi 45, kinarusha mwanga juu kwenye kibao cha kioo chenye ukungu, kisha unaingia kwenye prizimu unageuzwa geuzwa mpaka unafika jichoni kwako ukiwa umesimama sawasawa. Kwa hiyo ukichungulia kwenye DSLR hauangalii skrini, unaangalia mwanga wenyewe. Na kioo hicho katikati kinavujisha mwanga kidogo, nyuma yake kimebebana na kioo kingine kidogo kinachoelekeza huo mwanga sakafuni mwa kamera, huko kuna sensa ndogo za fokasi. Zenyewe zinachukua mwanga uliopita upande huu wa lenzi na uliopita upande ule, zinalinganisha, kama picha mbili hazijakaa pamoja zinajua moja kwa moja lenzi izunguke kwenda wapi na kwa kiasi gani, ndo maana fokasi inakamata papo hapo badala ya kupapasa papasa mbele na nyuma.

Sasa bonyeza. Vitu vinavyotokea hapo ni vingi kuliko huo mlio mmoja unaousikia. Vibao vya tundu vinajifunga mpaka namba uliyochagua (muda wote kabla ya hapo tundu lilikuwa wazi kabisa ili wewe uone vizuri), kioo kinaruka juu, ndo pale kwenye kuchungulia kunakuwa giza, na nyuma ya kioo kuna mapazia mawili ya shata. SENSA IKO NYUMA YA HAYO MAPAZIA. Kwa hiyo wewe ulisimama ukumbini ukadhani umeshafika chumbani. Pazia la kwanza linafunguka sensa inaona mwanga, muda ukiisha pazia la pili linalifuata linafunika, kioo kinarudi chini, tundu linafunguka, shata inajikaza upya.

Ukiweka spidi kali kama 1/1000 ya sekunde pazia la kwanza linakuwa halijamaliza safari la pili limeshaanza, yaani sensa haijawahi kuwa wazi yote kwa pamoja, ni ufa tu wa mwanga unatembea juu yake. Ndo maana flashi ya kawaida na spidi hiyo haviendani, kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250, ukizidisha unapata picha nusu nzuri nusu nyeusi. Yalinikuta kwenye kazi ya watu, nusu ya sura ziko gizani, sitaki hata kukumbuka.

Sasa ona, wakati picha inapigwa kioo kimeshaondoka njiani. Vumbi la kwenye kioo halionekani kwenye picha kamwe hata kiwe kimejaa mchanga. Vidoti vyako ni vumbi lililokaa kwenye kioo chembamba kinachofunika sensa, na unachokiona sio vumbi bali kivuli chake. Chukua kalamu iweke juu kidogo ya karatasi chini ya taa ndefu ya tyubu, kivuli kinapotea potea. Ifanyie hivyohivyo chini ya tochi ndogo, kivuli kinajichora. Tundu likiwa wazi mwanga unakuja kwenye sensa kutoka pande nyingi, vumbi halina kivuli cha kueleweka, ukifunga mpaka f/16 lenzi inakuwa ile tochi. Na anga bluu halina kitu cha kuvificha, tofauti na chumbani kwenye vitu vingi.

mchungulia_tundu
Bisibisi pole kwa uzi mrefu 😂 za anga zote f/16, za ndani f/4. Umeniweza. Kwa hiyo ule mwanga ukishapita mapazia ukafika kwa sensa, hapo sasa rangi inaingiaje?

pikseli_moja
Naomba nimpokee Bisibisi hapo kwenye mapazia, maana swali lako la rangi ndo lenyewe. Jibu ni kwamba haiingii. Sensa haioni rangi. Haijui nyekundu wala kijani, imezaliwa hivyo.

Sensa ni kipande cha silikoni kilichogawanywa vishimo mamilioni, kila kishimo ndo pikseli. Chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikigonga silikoni inaweza kubandua elektroni moja kutoka mahali pake (kwamba mwanga unabandua elektroni kwa chembe chembe namna hii Einstein alilieleza 1905, na ndo jambo lililompa Nobel ya 1921, sio ile nadharia ya uhusianifu kama wengi wanavyodhani). Elektroni zilizobanduliwa zinakusanywa palepale mpaka pazia la pili lifunike. Mimi napenda kuiona pikseli kama kibubu. Unadumbukiza sarafu, mwisho unavunja unahesabu, ila sarafu haikwambii imetoka kwa nani. Fotoni nyekundu imebandua elektroni moja, ya bluu imebandua elektroni moja, ndani ya kibubu zote sawa. Na kibubu kikijaa kimejaa, zinazokuja baadaye zinamwagika, hapo ndo unapata anga jeupe pee lisilorudishwa na programu yoyote.

Sasa wakafanyaje? Juu ya kila pikseli wakapaka kifilta cha rangi moja. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi mpaka leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ilitoka 1976. Kwenye kila mraba wa pikseli nne, mbili zina filta ya kijani, moja nyekundu, moja bluu. Kijani imepewa nafasi mbili kwa sababu jicho letu linategemea zaidi mwanga wa huko kutofautisha mambo madogo madogo. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 24 kiukweli ina milioni 12 zinazohesabu kijani, milioni 6 nyekundu, milioni 6 bluu. Lakini picha ukiifungua kila pikseli ina namba TATU. Mbili zimetoka wapi? Zimekisiwa. Prosesa inaangalia majirani, inasema huyu wa kijani kazungukwa na wekundu wa kiasi hiki, basi na yeye wekundu wake utakuwa hapa katikati. Thuluthi mbili ya namba zote za rangi kwenye picha yako hakuna pikseli iliyozipima.

Nilipolijua hili mara ya kwanza nilikaa kimya kama dakika nzima. Mara nyingi makisio yanakuwa sawa kabisa, ila mpige picha mtu kavaa shati la mistari myembamba sana, kuna siku utakuta mawimbi ya rangi za upinde wa mvua juu ya shati ambayo hayapo. Hapo makisio yamekosea. Kamera nyingi zinawekewa kioo juu ya sensa cha kuififisha picha kidogo sana ili kupunguza hayo.

Jaribu na hii leo leo, chukua rimoti ya tivii ielekeze kwenye kamera ya simu halafu ubonyeze, utaona taa yake inawaka rangi kama ya zambarau wakati kwa macho huoni kitu. Silikoni inaona hata mwanga wa infraredi ambao sisi hatuuoni. Kwenye kamera kubwa, na kamera za nyuma za simu nyingi, wameweka filta kali ya kuuzuia, ukiona haifanyi jaribu kamera ya selfi. Na hicho kioo chenye filta ndo hichohicho vumbi lako limekalia.

simu_kali
Mnasema kamera ya megapikseli 24 wakati simu yangu ina 50. Huu uzi ni wa wazee tu wanaotetea vyuma vyao. Halafu siku hizi giza unapandisha ISO tu (ile namba ya kung'arisha picha), sensa inaona zaidi, kwisha.

pikseli_moja
Kaka simu yako naiheshimu, ila tupige hesabu. Sensa ya fremu kamili, zile kubwa za kamera, ina upana wa 36mm, ukizipanga pikseli 6000 kwa upana kila moja inapata milimita 0.006. Ya simu nyingi zenye megapikseli nyingi pikseli iko karibu na milimita 0.001 kila upande. Eneo ni mara 36. Yaani kibubu chako kina mdomo mdogo mara 36, na simu yenyewe inalijua hilo ndo maana nyingi zenye 50 zinaunganisha pikseli nne nne kuwa moja na kukutolea picha ya 12.5, angalia faili lako.

Kwa nini mdomo ni muhimu, ni kwamba fotoni haziji kwa foleni, zinadondoka kibahati bahati. Pikseli iliyotegemea 100 inaweza kupata 90, jirani yake 110, na hiyo tofauti ya kama asilimia 10 ndo ule mchanga mchanga unaouona gizani. Ikitegemea 10,000 tofauti ni kama 100, asilimia moja, huoni kitu. Mchanga mwingi hautoki kwenye ubovu wa kamera, umekuja na mwanga wenyewe.

Na ISO haiongezi hata fotoni moja! Ni kama kuongeza sauti ya redio, stesheni ikiwa mbali unapata muziki kwa nguvu na mkwaruzo kwa nguvu. Sensa ilishamaliza kukusanya, ISO inakuza kilichokusanywa.

simu_kali
Sawa nimekaa chini. Lakini picha zangu za usiku zinatoka safi, hilo mnalieleza vipi?

pikseli_moja
Kwa sababu haipigi moja. Inapiga kadhaa haraka haraka inazipanga juu ya nyingine inatafuta wastani, mchanga unafutana. Ujanja mzuri sana, mimi sina neno. Mwambie mtu anayecheza asimame tu.

bisibisi_ndogo
Nimalizie mwisho wa safari maana mtoa mada aliuliza mpaka kwenye faili. Zile elektroni bado ni umeme tu, sio namba. Kuna namna mbili za kuzitoa. Kwenye sensa za aina ya CCD, ile iliyobuniwa Bell Labs 1969 na Willard Boyle na George Smith (wakapata Nobel 2009), kila pikseli inampa jirani mzigo wake, jirani anampa jirani, kama watu wanaopokezana matofali mpaka mlangoni, na mlangoni ndo kuna wa kuhesabu. Safi lakini inakula umeme na ina mwendo wake. Kwenye aina ya pili, CMOS, kila pikseli ina kikuzaji chake mwenyewe, zinasomwa mstari kwa mstari, hizi ndo ziko kwenye simu na kamera karibu zote za sasa. Huo mstari kwa mstari ndo unafanya video ya pangaboi la ndege au feni ikionyesha mapanga yamepinda kama ndizi, maana mstari wa chini umesomwa wakati panga limeshasogea.

Baada ya kukuzwa umeme unaingia kwenye kigeuzi kinachoupa namba. Kamera yenye biti 14 ina ngazi 16,384 kutoka giza mpaka mwanga wa mwisho. Ukihifadhi JPEG, lile faili la picha la kawaida, zinabanwa zibaki ngazi 256 kwa kila rangi, ndo maana wanaohariri wanahifadhi faili ghafi, ile ya RAW kwenye menyu. Piga hesabu, pikseli milioni 24 mara biti 14 ni kama megabaiti 42 kwa picha moja kabla ya kubanwa. Ukishikilia kitufe ipige 10 kwa sekunde hiyo ni 420 kila sekunde na memori kadi nyingi haziwezi kumeza kwa mwendo huo, kwa hiyo zinapangwa kwanza kwenye memori ya ndani, ikijaa kamera inagoma mpaka itoe nafasi. Sio mbovu, inatafuna.

mchungulia_tundu
Hiyo ya kugoma ndo ilinifanya niichukie, taa nyekundu inawaka mimi nasubiri weee.

kivuli_kirefu
Shukuru. Kamera ya kidijitali aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak 1975 ilikuwa na pikseli elfu 10, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kaseti ya utepe hii hii ya muziki.

mchungulia_tundu
😂😂 basi nimeacha kulalamika. Sasa wakuu nifungue skrubu nitoe hilo vumbi? Bisibisi ninazo.

bisibisi_ndogo
WEKA CHINI HIZO BISIBISI. Kamera yenye flashi juu yake ndani ina kapasita (kifaa kinachotunza umeme) inayochajiwa mpaka volti 300 hivi na inaweza kubaki na chaji hata betri ukiitoa. Mimi ilishanipiga, kidole kilikuwa na alama nyeupe na bisibisi niliikuta upande wa pili wa chumba.

Huhitaji kufungua chochote. Chaji betri ijae kabisa, ingia kwenye menyu tafuta sehemu ya kusafisha sensa kwa mkono, ukiichagua kioo kinapanda na mapazia yanafunguka, hapo sasa ndo utaiona sensa, inang'aa na rangi za zambarau na kijani. Betri ijae kwa sababu ikikata katikati mapazia yanaweza kujifunga juu ya kitu ulichoingiza. Ishike kamera mdomo ukiangalia chini, tumia pampu ya mpira ya kupulizia, ile ya kubana kwa mkono, ncha isiingie ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka hata kama huyaoni na doa la mate ni gumu kuliko vumbi. Yale makopo ya hewa pia achana nayo, yanatema kimiminika. Puliza mara kumi, kumi na tano, zima, rudisha lenzi, piga anga au ukuta mweupe kwa f/16.

mchungulia_tundu
Nimerudi. Nimeiona sensa kwa macho yangu, ndogo kama stempu na inang'aa kweli kama sabuni kwenye maji. Nimepuliza, vidoti vinne vimeondoka! Kimebaki kimoja picha kinaonekana juu kushoto, na mimi huko juu kushoto kwenye sensa nimepuliza mpaka mkono umechoka.

pikseli_moja
Umepuliza pembe siyo. Lenzi inaipindua picha juu chini, kwa hiyo juu ya picha ni chini ya sensa. Ukiwa umeiangalia kamera kwa mbele kushoto inabaki kushoto. Puliza chini kushoto.

mchungulia_tundu
Kimetoka 🙌